Kihenge cha Laela kwenye skrini yangu

Jumamosi, Malangali. Baridi tangu asubuhi, upepo unapenya hadi kwenye fremu za madirisha. Nimevaa makoti mawili na bado vidole vinakataa kuchapa.

Moduli imekubali leo, baada ya siku tano za kupigana nayo. Ni programu inayoiga mwendo wa mchanga au nafaka, kila punje peke yake, na hesabu zake inazipeleka kwenye kadi ya picha ya kompyuta ili ziende haraka. Kwanza ilidai draiva ya zamani, nikairudisha. Halafu ikajisakinisha vizuri kabisa bila kulalamika, kumbe kadi haijaiona, inajikokota kwa prosesa tu. Nimeifuta na kuanza upya mara sita, na matusi niliyoitukana siwezi kuyaandika hapa. Leo saa nne asubuhi feni ya kadi ikaanza kuvuma, nikajua imeshika.

Sikufurahi.

Kazini nimesema ni kwa ajili ya usanifu wa vihenge. Ni kweli nusu. Kaka yangu Deo alifia ndani ya kihenge cha mahindi kule Laela, msimu wa mvua wa mwaka juzi. Mahindi yalikuwa yamepata unyevu, yameshikana juu kama ukoko wa ugali. Akapanda kuyavunja kwa mti. Mimi nilikuwa likizo, nipo chini kwenye mlango wa kutolea mahindi, nakinga magunia yanapomiminika. Nikasikia ananiita kwa nguvu. Nikamalizia gunia kwanza, maana sisi tumezoea hivyo, gunia haliachwi nusu. Ndipo nikafunga ule mlango; mahindi yalikuwa yameshamvuta chini.

Sijamwambia mtu. Msibani wote walisema ni mipango ya Mungu, nami nikaitikia.

Nilichotaka kwenye mashine hii ni kitu kimoja tu: iniambie kwamba hata ningefunga palepale, asingepona. Nikaweka punje laki tatu, unyevu, ukoko, na mtu. Nikaiendesha mara mbili. Nikichelewa, mahindi yanamfunika. Nikifunga anapoita, yanasimama kifuani.

Nikabadilisha unyevu, nikarudia.

Kifuani.

Mama aliingia na uji wa ulezi wakati picha bado inacheza. Akasimama nyuma yangu.

"Hayo si mahindi hayo?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo ni nani?"

Nikazima skrini, nikasema ni mfano tu wa kazini. Akaweka kikombe mezani, akatoka. Nadhani amejua ni nani.

Mama hasomi blogu hii. Ninyi nisiowafahamu mmejua kabla yake, na hilo nalo linanitia aibu. Namsikia uani anachambua maharage. Nafunga hapa, nikakae naye, nimwambie kwamba Deo aliniita.