Joto Lilikuwa Kwenye Chumba cha Wageni

Fundi Anaeli, shikamoo.

Najua hutaitikia, ila sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine. Mkeo hajambo. Alinipa bisibisi zako zote, akasema zikikaa kabatini zitamliza.

Julai hii baridi ilipokaza, Mama Yunisi wa Sekei alinipigia, yule nesi mstaafu uliyemtandazia mabomba ya maji moto chini ya sakafu. Wanawe wamemletea thermostati nne za bei nafuu, vile vidude vya ukutani vya kupangia joto kwa simu, kila sehemu ya nyumba na chake. "Naomi, njoo uzifunge. Si Anaeli alikufundisha?"

Nilikwenda peke yangu. Nikazima umeme, nikapiga picha kila waya kabla ya kuugusa, ulivyonizoesha. Ya sebuleni ilisumbua kushika intaneti, nyingine zikakubali. Kisha nikawasha chumba cha kulala peke yake, nikavua viatu, nikasubiri. Sakafu baridi vilevile. Nikazunguka nyumba nzima na soksi mkononi. Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa umefungwa. Kuufungua tu, nikakanyaga joto.

Fundi, nilikaa chini palepale. Ulizipishanisha waya za kufungulia maji moto ya vyumba viwili. Miaka yote hiyo, Mama Yunisi akiongeza joto chumbani kwake kwa kile kitufe cha zamani, alikuwa anakipasha chumba kisicho na mtu. Na alikulalamikia! Ukamjibu, "Dirisha lako linatazama Meru, mama. Huo ni upepo wa mlimani." Ukaziba dirisha, mimi nimekushikia tochi.

Ningeweza kuzibadilisha kimya kimya. Yeye alikuwa jikoni anachemsha chai, asingejua, na jina lako lingebaki safi. Nilishaishika bisibisi. Lakini ni wewe uliyenirudisha mpaka Usa River siku ile nilipoficha soketi niliyoipasua. "Kosa ukilificha," ulisema, "umemwachia mwenye nyumba alale nalo."

Nikaenda jikoni. "Mama, Fundi alikosea. Na mimi nilikuwepo, sikuona."

Akaweka sufuria chini. Akanitazama, nikahisi nimekuzika mara ya pili.

"Kumbe si uzee!" Akacheka mpaka akashika meza. "Najifunika mablanketi matatu nikidhani damu imeniisha mwilini!" Halafu akajifuta macho kwa kanga. "Mwambie nimemsamehe. Angekuwepo, ningemtania mpaka akimbie."

Basi, nimekufikishia. Waya nikazirudisha kila moja mahali pake.

Jumapili alinipigia tena. Alilala hadi saa mbili na nusu, ibada ya kwanza ikampita, na wala hakujuta. Kesho naanza nyumba nyingine, Kimandolu, kwa dada yake. Unajua alivyonisifia huko? "Huyu binti akikosea, atakuambia." Nimetembea na maneno hayo wiki nzima.

Zamani nilidhani wewe hukosei, na kila nikishika kazi nilitetemeka. Siku hizi sitetemeki sana. Nakukumbuka… nakukumbuka vizuri zaidi, sijui kama unanielewa.

Pumzika, Fundi wangu. Nakuahidi, mtu yeyote akiniita aseme kwake bado kuna baridi, sitamjibu kwanza. Nitakwenda nikasikie kwa miguu yangu.

Mwanafunzi wako,
Naomi