Msumari Ambao Haukuwepo

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili

Dada yangu Tereza,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu za kunigombeza, maana utazihitaji. Mwili wangu mzima, ila roho haitulii. Tangu nishike kalamu nimeinuka mara tatu kwenda kuliangalia gari, nalo haliendi popote. Mguu wa mama unaendeleaje? Na muhogo mliuwahi kuuanika kabla ya mvua?

Umeniuliza nimemfanya nini mume wako. Unasema tangu arudi huko Ukerewe hataki kulitaja jina langu, na mzee Magesa, aliyemwagiza mtumbwi mkubwa wa uvuvi, sasa anasitasita, eti amesikia kwamba Malima huharibu kazi ya mtu kwa makusudi. Dada, neno hilo lilitoka kinywani mwangu mimi. Waliolisikia wamevuka ziwa nalo.

Gari letu unalijua. Chasisi ni ya lori la jeshi tuliyoikuta kwenye chuma chakavu, injini nimeifufua mimi, na bodi ameichonga shemeji kwa mbao za mvule, akaziunga kama za mtumbwi, hata tone la maji halipiti. Tulitaka likaguliwe polisi kabla ya sikukuu ya Uhuru, ili siku hiyo tupite mjini ndani ya kitu tulichokiunda wenyewe, si kudandia lori la mtu.

Basi juma lile shemeji alipomaliza kupigilia mbao, umeme ukaingiwa na wazimu. Nikiwasha taa za mbele, zinakuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Nikibonyeza honi, hailii, ila taa ya nyuma inawaka kidogo. Jamani! Nilibadilisha fyuzi, nikaazima betri nyingine, nikapima waya mmoja mmoja kwa balbu ndogo. Umeme unafika kila mahali, nguvu hakuna. Siku tatu! Na wenzangu wa gereji wanapita uani kwangu wakiuliza, "Fundi, mgonjwa ameamka?" Kila mmoja alinichoma kwa zamu yake.

Siku ya tatu nikasema kwa sauti, mbele ya majirani na wale wachuuzi wa samaki kutoka kwetu, "Shemeji, umenipigilia msumari kwenye waya makusudi."

Watu wakacheka. Si unajua mtu na shemeji yake? Hata yeye akacheka. "Ndiyo," akasema, "nataka uendelee kutembea kwa miguu, hilo tumbo lipungue."

"Sikutanii," nikamwambia. "Tangu mwanzo moyo wako uko kwenye mitumbwi. Hukutaka gari hili litembee."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Nami sikuishia hapo. Nilichukua mtaimbo, nikazing'oa mbao zake nne mbele yake, ili niuonyeshe umati huo msumari wake. Haukuwepo. Upande wa ndani wa kila ubao alikuwa amechora mstari kwa penseli, kufuata mahali waya unapopita, na misumari yote ameiweka mbali na mstari huo. Niliuona, Dada. Niliuona kwa macho yangu, na bado nikabisha, nikasema labda ni ubao wa tano.

Akaniuliza, "Bwire, umemaliza?" Hakuniita shemeji. Akafunga tezo na randa yake kwenye gunia, akaenda kungoja meli.

Siku mbili baadaye, spana iliniponyoka kwa hasira, ikaangukia kati ya injini na kile chuma kinachobeba taa. Lo! Taa zikawaka hata nikafumba macho. Nikaiondoa spana, zikafifia. Nikairudisha, zikawaka.

Ngoja nikufafanulie. Kwenye gari umeme huja kwenye taa kwa waya, lakini kurudi kwenye betri hupitia chuma cha gari chenyewe. Chuma kisipogusana na chuma, hauna pa kurudi. Na nani alikuwa amekifungua kile chuma cha taa, akakipaka rangi nyeusi pande zote, na chasisi nayo, mipako miwili, eti unyevu wa ziwa usilete kutu, kisha akakifunga tena juu ya rangi? Mimi. Juma lile lile la mbao. Nilitafuta mchawi nje, kumbe amevaa nguo zangu. Nilisugua rangi kwa msasa pale penye bolti, pakubwa kama sarafu tu, na honi ikalia mtaa mzima ukasikia. Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Mwenye gereji hanipi ruhusa mpaka mwezi uishe. Nitakuja, lakini jina la fundi haliwezi kungoja mwezi. Kwa hiyo nakusihi, usimsomee shemeji barua hii chumbani. Isome pale ufukweni anapochongea, Jumamosi watu wakiwa wengi, na mzee Magesa awepo. Neno langu lilisemwa hadharani, na hili lisemwe hadharani.

Msalimie mama, na mama mkwe wako, ambaye sijui nitamtazama vipi. Msalimie mjomba Musiba anayelinda mifugo ya baba, na binti yako wa kwanza, mwambie mjomba wake bado yu hai japo hana haya. Shemeji mwambie nampa shikamoo, hata kama nimemzidi miaka miwili.

Na ukifika pale pa mtaimbo, Dada, najua utaona aibu kwa ajili yangu na utataka kuruka sehemu hiyo. Hapo ndipo usome polepole.

Ndimi mdogo wako niliyekosa,
Bwire