Leso Juu ya Televisheni

Mwalimu wangu Bi Zuhura,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia ilivyokuwa, ile ya kuvuta, huku macho yako yameshaanza kunikagua kama shati nimelipiga pasi. Ulinikagua nilipokuwa mwanafunzi wako wa kidato cha pili, ukaendelea kunikagua tulipokuja kufundisha filamu pamoja chumba kimoja. Leo nimelipiga pasi, na hakuna wa kuliona.

Khitma yako ya arobaini ilisomwa Ijumaa kwenu Tiwi. Wali ulitosha, watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Naibu wa mwalimu mkuu naye alikuja, akakaa mbele kabisa, akaitikia dua kwa sauti kubwa. Nilimtazama muda wote. Mtu aliyekusumbua miaka mitatu kwamba filamu ni mchezo, kwamba chumba chetu kingefaa kuwekwa madawati mabovu, leo ndiye wa kukulilia? Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo. Najua ungenifinya.

Lakini acha nikueleze kilichonikalisha kuandika.

Siku ile uliyoanguka darasani sikuwapo, na wewe wajua kwa nini. Chaja ya kamera ilikuwa haionekani, nami nikasimama mbele ya darasa zima nikamwambia Kevo afungue begi. Kevo yule ambaye babake alitoka bara akaja kufanya kazi hotelini Diani. Ukanikatiza mbele yao wote: "Hassan, darasani mwangu hakuna mwizi mpaka nimwone akiiba." Watoto wakacheka. Nikatoka, nikaubamiza mlango, nikaenda zangu chumba cha walimu kunywa chai. Nilikuwa namimina kikombe cha pili niliposikia mayowe. Tulipokufikisha hospitali ya Msambweni ulikuwa umeshatangulia.

Chaja, nikwambie sasa, ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Niliiona siku ya pili ya matanga nikitafuta kitambaa cha kujipangusa uso.

Mlango ule ndio umekuwa ukinila. Na nilijua kamera ilikuwa inarekodi, kwa sababu ilikuwa zamu ya Mwanamisi kuishika, na sheria yako ilikuwa moja tu: haizimwi mpaka mwalimu aseme "kata". Hukusema. Basi kila ulilolitamka baada ya mimi kutoka limo kwenye kadi ya kamera, ile ndogo kama ukucha. Nilitaka kulisikia, hata kama ni kunitukana.

Siku ya nne nikaifungua kamera. Kadi haimo.

Hapo ndipo nilipokuwa yule Hassan ambaye hukumpenda. Nilianza na naibu, kwa kuwa ana ufunguo wa kabati letu. Nikaingia ofisini kwake nikijidai natafuta chaki, nikaanza kufungua droo. Akanikuta. "Mwalimu Hassan," akasema taratibu, "chaki haziwekwi huko." Ule utaratibu wake ndio ulionizidishia shaka. Kisha nikamrudia Kevo, maana alikuwa amepata simu mpya. "Mwalimu, mbona kitu ikipotea ni mimi tu? Hiyo memori sijaiguza, wallahi." Kijana hata si Mwislamu, ameshajifunza kuapa kama sisi. Nami nikaona anayeapa upesi hivyo ana la kuficha.

Mwisho nikayamwaga mabegi yote juu ya meza, moja baada ya jingine. Madaftari, vitana, mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti, pedi za wasichana, Mwalimu. Hilo la pedi sikulifikiria mpaka nilipoona nyuso zao. Niliwaambia kadi inatakikana kwa ajili ya mashindano ya kaunti, kwamba filamu yetu ya gari la sinema lililokuwa likija vijijini zamani haiwezi kumalizika bila maelezo yako ya siku ile. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu yangu. Wiki iliyofuata walikuja nusu yao. Hao waliokuja walikuwa wakinyamaza kila nikiingia, nami nikawa nashuku hata ule unyamavu.

Unakumbuka somo lako la leso? Historia ya filamu hukuifundisha kwa tarehe. Ulikuwa ukizima sauti, tutazame tu, ukatuambia ndivyo walivyotazama watu wa mwanzo. Kisha unaitoa leso yako ya rangi ya chungwa, unaifunika televisheni gubigubi, unafungua sauti. "Haya, mwaona nini?" Mimi nilikwambia namwona mwanamke anakuna nazi. Ulipoifunua leso alikuwa farasi anapita kwenye kokoto. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Toka siku hiyo nilijua kazi nitakayoifanya, ila sikuwahi kukwambia kwamba ilianzia hapo kwa farasi.

Aliyebaki wa kumshuku alikuwa Mwanamisi, na nilichelewa kwa sababu ni mtoto mpole. Wamjua, mjukuu wa Bi Mejumaa wa Bongwe, yule anayeosha maiti wa kike, aliyekuosha hata wewe. Nikaanza kumwangalia. Hakuwa akinitazama usoni. Nikimwuliza swali anajibu huku anashika ncha ya mtandio. Nikasema, leo nimempata.

Kumbe ni yeye aliyenipata. Alhamisi, wenzake walipotoka, alibaki, akauacha mlango wazi kama ulivyowafundisha.

"Mwalimu, kadi ninayo mimi."

"Nilijua!" nikasema. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeshawashuku watu thelathini kabla yake.

Akaanza kuupapasa upindo wa mtandio, akafumua nyuzi kwa ukucha, akaitoa. Siku ile nilipomwaga mabegi, na lake likiwamo, kadi ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Sikuiba," akasema. "Mwalimu alipoanguka mtandio ulimtoka, na nguo zikapanda. Sisi wasichana tulimfunika, wavulana tukawatoa nje. Kamera hatukuikumbuka. Ikaendelea kumtazama." Akaifumbata kadi. "Nyanya huniambia mwosha akiona kitu kwa maiti akifunike, asimhadithie hata mumewe. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamera."

Nikamnyoshea mkono, "Nipe." Akatikisa kichwa. Mtoto huyu hajawahi kunikatalia hata kufuta ubao. "Samahani, mwalimu. Wewe ni mwanamume, tena si maharimu wake."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikaribia kutoka na kuubamiza mlango uleule. Sijui nilizuiwa na nini, labda nilikuwa nimechoka tu. Nikamwambia sitaki kukuona, nataka kusikia ulisema nini baada ya mimi kutoka. Basi, hayo tu. Na nikalia mbele ya mwanafunzi, jambo ambalo hungelipenda.

Kisha akaenda kabatini, akaitoa leso yako. Hakuna aliyethubutu kuiondoa mle. Akaifunika televisheni, akaiunga kamera, akaingiza kichwa chini ya leso kama wapiga picha wa zamani, akatafuta mahali. Akatoka, akafungua sauti, akasimama pembeni na kidole juu ya kitufe.

Kwanza nikasikia mlango. Mwalimu, mlango ule ulilia vibaya kuliko nilivyodhani. Kisha kicheko cha watoto, na sauti yako: "Hebu nyamazeni." Kimya. Kevo akauliza kama waendelee. Nawe ukasema, bila haraka, kwa ile sauti yako ya kutafuta miwani:

"Ngojeni kwanza. Hassan aja sasa hivi. Yule akikasirika hamalizi kikombe. Na sehemu hii ya leso aipenda tangu yuko kama nyinyi. Kevo, mwekee kiti."

Kikasikika kiti kinaburutwa. Mwanamisi akabonyeza, sauti ikakatika.

Nilikuwa kikombe cha pili, Mwalimu.

Nilitaka kumwuliza ulingoja kwa muda gani. Kamera yajua, dakika zote zimeandikwa pale chini ya leso. Nilitaka kumwuliza pia kama kweli hukusema lingine, au amenichagulia jema akaliacha baya. Nilimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza naye akanitazama. Sikuuliza.

Kadi imebaki kwake. Mimi ambaye hata kalamu ya ubao sikuwa nikiitoa bila mtu kutia sahihi, sikumwandikisha popote. Atalikata somo lako mwenyewe, atuletee mpaka pale kwenye kiti, na filamu itakwenda kwenye mashindano na sauti yako ndani, juu ya picha ya leso. Kevo nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Alisema "ni sawa, mwalimu", lakini bado anakaa amepakata begi. Nimeona. Naibu naye juzi ametuletea viti sita bila kuombwa. Bado namshuku. Ukinitaka niache kabisa utakuwa unanionea.

Lakini hili nakuahidi: picha ile sitaiomba, wala habari ya dakika sitaiuliza. Kila kipindi kiti kimoja kitawekwa karibu na mlango kwa ajili ya atakayetoka na hasira, na hatutaanza mpaka arudi.

Kwaheri, Mwalimu. Mwenyezi Mungu akusitiri huko kama mtoto huyu alivyokusitiri hapa. Kengele imelia, nina kipindi. Chai nimeiacha mezani, sikuigusa.

Mwanafunzi wako,
Hassan