Mgonjwa Asiyeumwa

Mabamba, Kibondo

Dada Yustina, shikamoo. Hili sijamwambia mtu: nimemdanganya bibi wa watu. Jana bwana afya aliwazoeza vijana kumkimbiza mgonjwa zahanati, kipindupindu kisije kikatukuta hatujajiandaa. Mimi nikalazwa kwenye machela nijifanye mgonjwa. Njiani bibi mmoja akatua kuni zake. "Huyu hatachelewa kufikishwa kama marehemu mjukuu wangu!" akalia, akaita wanawe shambani wapokezane kunibeba. Nikaona aibu kusema mimi mzima. Leo amekuja hapa kwa shangazi na uji wa ulezi, akanishika mashavu: "Umepona, mjukuu wangu!"

Nikaunywa wote. "Nimepona, bibi."

Nimewakumbuka sana nyote. Kadi haina bahasha, kwa hiyo ifiche, na usimwambie hata mama.

Mdogo wako, Sesilia