Vidonge Visivyogawiwa

Voi, Alhamisi jioni, 1956

Kichwa kimenyamaza, na hilo ndilo lililoleta ugomvi.

Mwezi mzima Mkawasi, wifi yangu, amesema maumivu yangu ya panjani yametokana na mkanda wa kubebea kuni, uliokaa kwenye paji langu tangu usichana. Niliposhindwa kutafuna mahindi, akasema ni meno. Jumapili jicho la kushoto likafunikwa na kiza kama pazia, kisha likafunguka. Hapo niliogopa kweli.

Nikaenda hospitali. Daktari aliupapasa mshipa wa panjani, akaukuta mgumu kama kamba. "Mama, mshipa huu wa damu umevimba. Ukingoja utapofuka." Akanianzishia vidonge vya kotizoni, dawa ya kushusha uvimbe, papo hapo, akanionya nisiviache ghafla hata nikijisikia mzima.

Leo nimechana nywele bila kulia. Mkawasi akaona.

"Si umepona? Nigawie vilivyobaki, goti linaniua."

"Hata kimoja sikupi."

"Wewe! Chumvi tunagawana, dawa unaficha? Uzee wenyewe hauna dawa!"

Ameondoka kwenda kwa bintiye kule Ronge bila kuaga. Inaniuma, maana nyumba hii haijawahi kumnyima mtu kitu.

Lakini kutoka Taveta tulihamishwa wakati wa vita vya Wajerumani bila mtu kuniuliza, na sikurudi tena. Vitabu ninavyosoma kila jioni ndivyo vilivyonibakia, navyo vinataka macho.

Safari hii nimeulizwa. Nimekataa.