Revolveri Nzuri Niliyoikataa

Papa,

Naanza na ile ungeuliza kwanza: ng'ombe ziko. Ile ya mabaka imezaa, ya kike. Mama iko, anakula kidogo kidogo. Bahati iko muzima. Acha niiandike tena, kwa sababu njo neno lililonikalisha hapa: mutoto wako mwanaume Bahati iko muzima.

Tangu tukuzike mvua haijaacha. Barabara ya Ngungu imekatika pale kwa kadaraja, wenye moto, zile pikipiki, wanazibeba mabegani kama wagonjwa. Mwenye fermu ya ng'ombe ameweka mulinzi mwingine fasi yako, na amemupa koti yako ya mvua. Siku ya kwanza nilimuona kwa mbali akishuka kilima na ile koti, nikaita "Papa!" kwa sauti yote. Muntu wa watu akasimama. Mimi nikakimbilia jikoni nikalia mpaka maharagi ikaungua. Mama hakunigombeza, na wewe unajua vile Mama anagombeza mutu kwa maharagi.

Nimekukasirikia pia, Papa. Niseme ukweli. Miaka yote ulitembea na ile revolveri kiunoni, kwa kuchunga ng'ombe za watu, na siku moja tu, siku ya ubatizo wa mutoto wa rafiki yako, ukaiacha nyumbani. "Muntu haingie mbele ya Mungu na chuma," ulisema, ukaenda misa na Biblia yako. Ukirudi wezi wakakukuta barabarani, wakakuua. Walitaka simu na viatu. Viatu, Papa! Vile viatu ulikaza na waya!

Tangu hapo Bahati iko na neno moja tu. Akikamua, analisema. Akikula, analisema. "Kama alikuwa nayo, angekuwa hapa." Labda ungekuwa hapa. Labda wangekuua mbele ya siku ile, juu ya kuitaka hiyo revolveri. Nani anajua? Hata nikimujibu, hasikie.

Kilio kilipoisha, Bahati aliitafuta ile revolveri. Mama alikuwa ameificha siku ya mazishi, akisema, "Niliiweka fasi hakuna muntu atatafuta." Unajua aliiweka wapi? Mu mufuko wa chumvi ya ng'ombe. Ule mufuko wa kona, pale bati inavuja.

Wewe uliipakaa mawese kila juma na kuifunga mu kitambaa, vile wawindaji wa kwenu Walikale wanafanya. Bahati alipoitoa mu chumvi ilikuwa nyekundu yote. Kale kagurudumu ka masasi, ka kuingizia risasi, hakazunguke tena. Aliimwagia petroli, akaigonga na ubao, akaikaza kati ya magoti na kuvuta mpaka vidole vikatoka damu. Halafu akakaa chini akalia. Siku ya kukuzika hakulia, alilia siku ile.

Mama alikuwa anachambua maharagi. Akasema pole pole, "Ee mwanangu, nilisahau kama chumvi inakula chuma." Mama! Muntu aliyezaliwa kati ya ng'ombe za Masisi, aliyetupiga makofi kila mara panga ikigusa ule mufuko! Nilimuangalia. Yeye aliangalia maharagi yake.

Nilifikiri imeisha. Haikuisha. Kuna siku Bahati alirudi kutoka soko ya Ngungu midomo inatetemeka. Amemuona muntu mu viatu vyako. Waya iko pale pale. Hakumusemesha, alimufuata tu mpaka akajua analala wapi. Akaniambia, "Dada, natafuta ingine. Ya nguvu, ya kudumu, kama ya Papa. Ya kulinda ng'ombe." Ng'ombe gani, Papa? Mulinzi wa ng'ombe tayari yuko.

Alisikia kama kuna muzee mumoja kule Walikale, mwindaji aliyeacha kuwinda, anauza yake. Na akaniomba niende naye. Unajua kwa sababu gani. Kwa ukoo wenu mwanaume hachague silaha yake peke yake. Anaenda na muntu wa damu yake, ambaye hatapiga nayo, huyo aishike kwanza na aseme ndiyo ao hapana. Akisema hapana, haiulizwe sababu. "Mwenye kutaka sana haone," ulisema hivyo wakati ulinibeba mimi, kasichana ka meno ya mbele yametoka, uende kuchagua yako. Bahati alikuwa bado mu tumbo ya Mama.

Nakumbuka yote. Ulitoa masasi, ukahakikisha mara mbili, ukaniwekea ile chuma mu mikono. "Usiangalie kung'aa. Shika, tikisa, sikia." Ulinionyesha kagurudumu kakisimama, kasitetemeke hata kidogo. Uliniambia ya kudumu ni ile yenye vitu kidogo ndani, matope ikiingia unaitoa na kidole. Ya kwanza ilikuwa inang'aa sana, na mushikio mweupe, na macho yako yote ilikuwa juu yake. Nikatikisa, nikasikia kitu kinacheza ndani. Nikasema hapana. Maskini Papa! Njia yote ulinung'unika, "Mutoto huyu ameniponza, ile ilikuwa muzuri!" Na bado ukaninunulia mandazi. Ile ingine ya sura mubaya nilisema ndiyo, na ikatembea na wewe mpaka mwisho, bila kufyatuka juu ya muntu hata siku moja.

Basi tulienda, mimi na Bahati, na moto, mu matope ya msitu, tukisukuma zaidi ya kupanda. Muzee alitupokea vizuri, akatupa ndizi za kuchoma. Halafu akaleta kitambaa, akakifungua, akatoa masasi mbele yetu, akaniwekea mu mikono.

Papa, ilikuwa na harufu ya mawese. Harufu ya mikono yako.

Nikashika. Nikatikisa, hakuna kilichocheza. Nikazungusha, kila mara kagurudumu kakasimama imara, tik, tik. Hakuna kutu hata fasi moja. Mushikio wa mbao umelainika na mukono wa muntu mumoja tangu ujana wake. Ilikuwa muzuri kuliko yako. Ingemuzika Bahati na watoto wake, na ingekuwa bado inazunguka. Na Bahati alikuwa ananiangalia vile alivyoniangalia akiwa mudogo, wakati nilimupimia maziwa mu kikombe.

"Hapana," nikasema. "Hii haitadumu."

Muzee akainua kichwa. Yeye anajua kitu chake. Aliniangalia muda mrefu, akamuangalia Bahati, ile midomo yake inayotetemeka. Halafu akachukua revolveri yake mu mikono yangu, akaifunga mu kitambaa. "Dada yako ameona," akamuambia. "Twende mukule tena."

Bahati hakuuliza sababu. Umemulea vizuri, Papa, hakuuliza. Alitembea mbele yangu mu matope, hasira imejaa mugongoni, na mimi nyuma nikiomba asigeuke, kwa sababu uso wangu hauwezi kudanganya kama mudomo wangu. Tulipofika barabarani kulikuwa na mama anauza mandazi. Bahati akaninunulia. Akaniwekea mu mikono bila kuniangalia, akasema, "Tutatafuta ingine." Nilikula yote nikilia, yeye akafikiri ni juu yako. Ilikuwa juu yako, ndiyo. Juu yenu wawili.

Nimesema uongo na desturi yenu. Nimesema uongo na maneno yako mwenyewe. Kama unanikasirikia, tumelingana sasa, mimi pia nilikukasirikia.

Lala, Papa. Udongo wa Masisi uwe mwepesi juu yako, hata na mvua hii. Viatu sitavirudisha, unisamehe. Lakini ahadi yangu njo hii: atatafuta ingine, na atakuja kunichukua, na mimi nitaenda. Kila moja nitaishika, nitaitikisa, nitaisikia vile ulinifundisha. Na hata ikiwa muzuri namna gani nitasema hapana, mpaka mutoto wako azeeke na meno yake ya mbele yatoke.

Naacha hapa. Bahati iko ananiita: ng'ombe zinataka chumvi.

Mutoto wako,
Zawadi