Simu imekataa uso wangu

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa. Nimeaibika mbele ya mkwe na bado nimekaa naye sebuleni.

Meno yangu ya bandia yalipopata ufa, si mume wa binti yangu akanisajili kwenye soko la sarafu za mtandaoni? Unanunua sarafu, unaiuza hapohapo, unapata pointi. Pointi zikitosha, unagawiwa sarafu mpya bure. "Mama, meno yatajilipa yenyewe." Mtaalamu huyo.

Basi kila asubuhi nanunua na kuuza kitu kilekile, na kila mara wananikata ada kidogo. Eti hiyo ndiyo njia rahisi.

Juzi meno yakakatika kabisa.

Leo mgao wa hizo sarafu za bure umefunguliwa, anayewahi ndiye anayepata. Nikabonyeza, simu ikataka kunitazama. Geuka kushoto. Fungua mdomo. Nikafungua mdomo mbele ya mkwe wangu, kibogoyo mzima.

Simu ikasema hainijui.

Hainijui, mwenzangu. Siku ya kujisajili nilikuwa na meno.

"Mama, jaribu kutabasamu," ananiambia. Nikatabasamu. Hainijui. Mgao ukaisha.

Sasa ananituliza kwamba mwingine unakuja, pointi zangu zipo salama. Ninachotakiwa tu ni kununua meno kwanza.